Goti la Wifi

9 Februari

Wifi yangu,

Habari za huko juu kwenye baridi? Sisi huku wazima, isipokuwa mjukuu anaota meno na kila anayemkaribia anaondoka na alama. Mama yake anasema hiyo tabia imetoka upande wenu. Mimi nimenyamaza, maana sikutaka kumsema mtu asiyekuwepo.

Kiwandani tumemaliza msimu wa madaftari. Wiki sita tulikuwa tunakunja, tunapiga pini na kukata kingo, hadi ukifumba macho unaona mistari. Mwenzangu wa mezani, yule tunayemwita Mama Gundi, amesema akifa azikwe na daftari moja la kurasa tisini na sita, akahesabu huko taratibu kama zimetimia.

Sasa nije kwenye neno langu. Bosi amenipa likizo, wiki mbili za Juni. Sikuiomba. Nadhani alichoka kuniona nimesimama mbele ya mashine nikiwa nimesahau nilichofuata.

Nataka kuja huko. Nataka kupanda mlima wako hadi juu, pale alipokuwa anasimama Fundi. Miaka kumi na moja aliyokuwa anakuja kwako, mimi nilikuwa nasema mwakani, mwakani, kwa kuwa likizo yake iliangukia kwenye madaftari yangu. Akirudi anavua viatu mlangoni, majivu yanamwagika, na kabla hajanywa maji ananisimulia. Ardhi ina joto chini ya soli kama sakafu ya jikoni. Moshi unatoka kwenye nyufa. Harufu ni ya mayai viza. Na chini kabisa shimoni kuna ziwa la kijani, kijani ya chupa. Unamjua ndugu yako, mtu wa breki, hasemi neno mara mbili. Lakini la ziwa alilisema kila mwaka, na kila mwaka nililiona.

Sasa ni miezi saba. Nikitaka kumkumbuka ananijia akiwa kitandani asubuhi ile, nimemwita na hajageuka. Sitaki hiyo ndiyo iwe picha yangu ya mwisho. Nataka nisimame aliposimama, nione alichokiona. Ni hilo tu.

Niandikie nilete nini. Na kama kuja kwangu ni mzigo, sema tu. Nimesikia watu wakisema undugu wa ndoa ni kamba iliyofungwa kwa mtu mmoja, akiondoka imefunguka. Sijui kama na wewe unaona hivyo.

Mimi, mke wa mdogo wako.


3 Machi

Wifi mchokozi,

La meno nimelisoma mara mbili. Mwambie huyo binti kwamba upande wetu hatuumi, tunaonja.

Mimi mzima. Lango wamelipaka rangi mpya inayofanana na ugonjwa. Nakaa kwenye kibanda changu tangu saa moja asubuhi, namwandika kila anayeingia Hifadhini, na jioni natia alama mbele ya kila aliyeshuka. Watu wanakuja na viatu vya harusini wanataka kupanda volkano. Juzi mmoja aliniuliza mlima unawashwa saa ngapi.

Kuhusu safari yako. Wifi, Juni si mwezi. Kuna ukungu, hutaliona ziwa wala pua yako. Tena kuna hilo goti. Mlipokuja msibani kwa mama, kutoka kituo cha basi hadi nyumbani mlipumzika mara nne, na mimi nilikuwa dirishani nahesabu. Mlima huu ni saa nne kwenda juu. Hadi kibanda cha pili ni njia ya watu, lakini baada ya hapo ni changarawe tupu, hatua mbili mbele, moja nyuma.

Na hata ungekuwa na magoti ya mbuzi, hapo kwenye kibanda cha pili njia imefungwa kwa ajili ya gesi. Bwana Kipimo, anayepanda kila asubuhi na mashine yake kunusa hewa, anasema haijulikani itafunguliwa lini.

Kwa hiyo tulia. Nitakuja mimi kwako mwisho wa mwaka. Nimekutumia soksi nzito, uzivae ukikumbuka huku.

Habari ya kamba sijaipenda. Usiirudie.

Wifi yako.


22 Machi

Wifi mpendwa,

Soksi nimezipata. Nazivaa ndani, nateleza sakafuni, na mjukuu anacheka mpaka anakaa chini.

Wiki hii alikuja kiwandani mwalimu wa jiografia kufunga ripoti za wanafunzi wake. Mama Gundi alikuwa anazipanga, akaniita. Ripoti zilikuwa za mlima wako, na picha zimebandikwa. Wanafunzi thelathini wamesimama ukingoni mwa shimo, wamefunga vitambaa puani. Nikamwuliza mwalimu walikwenda lini. Akasema tarehe kumi na mbili ya mwezi huu. Nikamwuliza kama njia ilikuwa wazi. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayeuliza kama mvua inalowesha.

Labda ilifunguliwa ukiwa umekwisha kuandika. Nasema labda.

Goti liache, nalijua mwenyewe, tumezoeana. Nimenunua koti la mtumba, zito, lina jina la timu ya mpira nisiyoijua mgongoni, na nimekata tiketi ya basi ya tarehe nane Juni. Nikifika mji wa chini nitangoja lori lenu la vyakula, kama alivyokuwa anafanya Fundi.

Wifi, kuna kitu huko hutaki nikione? Ningeuliza kama ni mwanamke mwingine, lakini mtu aliyekuwa anasahau kujinunulia soksi, huyo mwanamke angemnunulia nini? Nakuuliza kwa upole. Ukiwa nacho, nipe. Si vizuri kubaki na nusu ya mtu.

Mimi, wifi yako.


11 Aprili

Wifi,

Salamu leo ni fupi. Mimi mzima, lango zima, mlima unatoa moshi kama kawaida yake.

Njia haikuwahi kufungwa. Nilikudanganya. Na la Juni pia. Juni ndio mwezi mzuri kuliko yote.

Hakuna mwanamke. Ningetamani angekuwepo, ningejua pa kuanzia.

Kwa miaka yake mitatu ya mwisho mdogo wangu hakufika juu. Alikuwa anapanda taratibu hadi kibanda cha pili, anakaa kwenye benchi la upande usio na upepo, anakunywa chai ya chupa yangu. Wenzake wanaendelea. Wakishuka anawapokea kwa maswali kama askari wa barabarani. Mmeona nini? Moshi unatokea wapi leo? Ziwa je? Anayapanga kichwani, anakuletea. Na mimi niliyeshika daftari la lango niliandika mbele ya jina lake, "amefika kileleni". Ni kosa la kazi, na nililifanya mara tatu.

Ulikuwa moyo. Tuligundua huku, siku aliyoanguka mlangoni pangu akacheka, akasema amejikwaa. Pale mlangoni hakuna cha kujikwaa. Nikampakia kwenye lori nikampeleka hospitali ya mjini kwa daktari wa moyo. Tangu hapo kila akija, siku ya kwanza ilikuwa ya daktari, ya pili ya mlima. Aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Dada, akijua ataacha kulala. Na mimi napenda kulala kando ya mtu anayelala."

Nikanyamaza, halafu ikaja asubuhi ile. Tangu siku hiyo najiambia, ungevunja kiapo, mkewe angemshika mkono akamfikisha mahali. Ulipoandika unataka kuona aliposimama, nilijua utafika, utalikuta benchi, na utaniuliza mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa hapohapo, namimina chai.

Ukiifungua hiyo kamba yako sitakulaumu. Lakini nakuomba usiifungue.

Dada yake.


2 Mei

Wifi mpendwa,

Mjukuu sasa anasimama akishika kiti. Mama Gundi anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Anasema anakujua, maana nikisoma barua zako nachezesha midomo.

Tangu nilipokuandikia Machi sijapata neno lako. Kila Jumanne nakwenda posta, na karani ameanza kunitikisia kichwa tangu nikiwa mlangoni. Nimejaribu kukupigia. Nimesahau kwamba mtandao huko ni wa kubahatisha kama jua.

Nadhani najua kwa nini umenyamaza. Unajiuliza nililalaje chumba kimoja na ndugu yako nisione kwamba anaumwa. Basi acha niseme mwenyewe, usije ukaninunia kwa kosa dogo kuliko nililotenda. Niliona.

Mwaka juzi nilikuwa nafua ovaroli lake la gereji, nikakuta mfukoni kadi ya kliniki imelowa mafuta. Yalikuwa maneno matatu, niliyaelewa mawili, yakatosha. Nikaikausha kwa pasi, nikairudisha mfukoni, nikangoja aniambie jioni. Hakuniambia. Siku ya pili hakuniambia. Nikaelewa hataki, na mtu wa breki ukimsukuma ndipo anaposimama.

Basi nikaugua goti.

Goti langu halina kitu, wifi. Halijawahi kuuma hata siku moja. Nikiona anahema kwenye ngazi, nasema, "Fundi, ningoje, goti hili." Anasimama, anashika ukuta, ananiambia, "Pole, mama, pumzika," na anapumzika yeye. Msibani kwa mama, zile mara nne ulizohesabu dirishani zilikuwa zake. Chumvi nayo niliipunguza, nikasema nimekatazwa kwa ajili ya goti. Akala chakula kisicho na ladha kwa huruma.

Lakini sikusema. Pengine ningesema, angekwenda kwa daktari wa maana, si wa kadi ya mfukoni. Hilo ndilo nimelibeba tangu asubuhi ile, na sijamwambia hata binti yetu. Sasa nimekuambia wewe, dada yake. Ukisema nisije, nitairudisha tiketi.

Mimi, mke wake.


16 Mei

Mwongo mwenzangu,

Barua yako imefika Ijumaa na lori la vyakula. Nimeisoma nimesimama, na wageni saba wakapita langoni bila kuandikwa.

Kwanza ujue sikukunyamazia. Nilikuandikia tarehe kumi na moja Aprili, barua iliyonitoa jasho kuliko zote. Nilipomwuliza dereva aliipeleka lini, akakuna shingo, akainua kiti chake. Iko pale, imelaliwa na kitambaa cha kufutia kioo. Ameikalia wiki tano. Niliyomwambia sitayaandika. Ameahidi kuifikisha posta kwa miguu yake pamoja na hii, na nimemzuilia kitambulisho chake hapa langoni mpaka aniletee risiti.

Humo utaona kwamba daktari alikuwepo, na wa maana. Kadi uliyoikuta ndiyo yake. Nilikaa naye chumba kimoja, nikamsikia kwa masikio haya akisema hakuna cha kupasua wala cha kubadilisha. Alisema ni vidonge, chumvi kidogo, atembee taratibu, na apumzike kabla hajachoka. Akifuata hayo atapata mwaka, akijaliwa miwili. Alipata mitatu.

Wifi, chumvi nani aliipunguza? Nani alimpumzisha kabla hajachoka? Miezi yote hii nilidhani aliyemtunza ni mlima wangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikulielewa mpaka Ijumaa. Mwaka jana, pale kwenye benchi, alicheka hadi chai ikamtoka puani. Akaniambia, "Dada, mke wangu ana goti la ajabu." Siku moja alikuwa chini ya gari gerejini, anautazama mtaa katikati ya magurudumu. Mvua ikaanza. Akaona miguu anayoijua inavuka barabara mbio, inaruka mtaro, na sauti yako juu yake inapiga kelele kwamba karatasi zinalowa. Jioni miguu ileile ikaingia nyumbani ikichechemea. "Tena," akasema, "leo wa kulia, kesho wa kushoto."

Nikamwuliza, mbona hukumwambia umemwona? Akasema, "Nikimwambia, ataacha kuchechemea aanze kunikataza. Wacha achechemee. Tunatembea vizuri."

Nilidhani ni utani wenu wa chumbani. Nilimwambia mmeoana wavivu wawili. Alijua, wifi. Alijua unajua, akakaa kimya akala chakula chako kisicho na chumvi.

Njoo hiyo tarehe nane. Leta kofia ya sufu, glavu, kitambaa cha pua na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Maji usilete, yapo. Uongo pia usilete, tunao wa kutosha.

Wifi yako.


27 Mei

Wifi,

Nimezipata zote mbili kwa pamoja, na karani wa posta safari hii alitikisa kichwa kwa namna nyingine. Nilizisomea palepale kwenye benchi la posta. Ya Aprili nililia, ya Mei nikacheka, na mzee aliyekuwa karibu yangu akasogea kidogo.

Sitapiga hesabu ya nani alimficha nani. Nimejaribu, nimeshindwa, tulikuwa watatu tunazunguka meza moja kila mtu amefunika sahani yake.

Nilirudi nyumbani, nikapanda ngazi mbilimbili, jirani akaniuliza goti limepona lini. Nikasema leo. Halafu nikalala saa tisa za mchana mpaka asubuhi. Sijalala hivyo tangu mwaka jana.

Kofia ninayo. Tutaonana tarehe tisa.

Mimi.


30 Juni

Wifi yangu,

Nimefika salama, na kwenye basi nilipata dirisha. Mjukuu alinikataa kwa dakika tano kwa sababu ya ile kofia ya sufu, halafu akaonja mkono wangu, nikajua tumepatana. Kiwandani nimesimulia hadi Bosi mwenyewe akavuta kiti. Mama Gundi anauliza kama huko langoni wanahitaji mtu wa kuhesabu kurasa.

Nashukuru kwa siku kumi. Nashukuru kwa chai. Siku ile niliposhuka sikukusimulia vizuri, midomo ilikuwa imekufa ganzi, na wewe umekalia benchi lake unaniuliza kama askari wa barabarani: umeona nini, moshi unatokea wapi? Sikujua kwamba miaka yote hiyo ya kuandika wapandaji, na wewe hujawahi kuvuka kibanda cha pili. Unasema ni magoti. Ya kwako nimeyaona, ni ya kweli.

Basi nikusimulie sasa, nikiwa nimekaa.

Changarawe ni kweli, hatua mbili mbele, moja nyuma, hilo hukunidanganya. Bwana Kipimo alitangulia na mashine yake, kila ikilia kidogo anainua mkono tunasimama, wageni wanne na mimi, kimya kama darasani. Juu, ardhi ina joto kweli. Linapita kwenye soli, linapanda taratibu hadi kwenye kifundo cha mguu. Moshi unatoka kwenye nyufa zenye ukingo wa njano. Mayai viza, usiniambie, nimefua koti mara mbili.

Nikasogea ukingoni kulitazama ziwa. Wifi, si la kijani. Ni la kijivu, kama maji ya mwisho ya kufulia. Nikadhani ni mawingu. Nikamwuliza Bwana Kipimo, akasema zamani lilikuwa kijani, lakini gesi imeligeuza, huu mwaka wa nne sasa ni kijivu.

Nikahesabu kwa vidole. Ile miaka yake mitatu ya mwisho, watu walikuwa wanashuka wanamwambia kijivu. Na yeye aliendelea kuniletea ziwa la kijani, lile aliloliona mwenyewe akiwa na nguvu zake, kwa sababu alijua nalipenda. Nilicheka peke yangu pale juu. Mgeni mmoja akaniuliza kama gesi imenipanda kichwani. Nikamwambia hapana, ni mume wangu. Sasa nikimkumbuka, sianzii tena kitandani. Naanzia kwenye benchi, ameinama mbele, anawauliza watu rangi ambayo hataitumia.

Limebaki la langoni. Asubuhi ile kabla ya kupanda uliniandika kama unavyomwandika mgeni yeyote, miwani puani, macho hukuinua. Jina. Umri. Unatoka wapi. Halafu ukauliza, mtu wa karibu wa kuarifiwa ni nani? Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na bwana mmoja anapiga miayo. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kumtaja Fundi. Miaka ishirini na sita kila fomu naijaza hivyo, na sikuwa na jina jingine la kuweka hapo.

Hukuningoja. Uliandika mwenyewe, na mimi nikasoma maandishi yakiwa yamenigeukia kichwa chini. Uliandika jina lako. Penye uhusiano ukaandika "wifi". Na penye anwani ukaandika "hapahapa".

Wifi yako.